Kila Nyumba Ina Shimo Lake

Makanga wa barabara ya Outer Ring hukusomea historia ya viwanda vya Nairobi bila yeye mwenyewe kujua. Anaanzia Allsopps. Hilo ni jina la bia ya Waingereza wa Burton upon Trent, lakini siku hizi anayeshuka Allsopps hana kiu, anabadilisha gari tu. Karibu na hapo ni Ruaraka, ambako ndugu wawili, George na Charles Hurst, walishirikiana na wenzao kuanzisha kiwanda cha bia mwaka 1922. George akauawa na ndovu akiwa mawindoni mwaka uliofuata, na bia ikapewa jina la ndovu dume mwenye pembe, Tusker. Ukishika njia ya Kasarani unakutana na Clay City. Ukirudi ukateremka Outer Ring, unapita Baba Dogo, unafika raundabauti ya Kariobangi, na sehemu nzima ya mafundi pale inaitwa Light Industries.

Katika majina hayo yote, Clay City ndilo lililonisumbua muda mrefu. Bia, sawa, hunywewa ikaisha. Tofali haliishi hivyo. Mji wenye jina la udongo wa kuchoma ungepaswa kuwa mwekundu.

Jina lenyewe halina fumbo. Lilitokana na Clayworks, kiwanda cha matofali na vigae. Kiwanda kikakipa kituo jina, kituo kikaupa mtaa, na mtaa ukaipa serikali: tangu uchaguzi wa 2013 kuna Wadi ya Clay City, moja ya tano za eneo bunge la Kasarani, nyingine zikiwa Mwiki, Kasarani, Njiru na Ruai. Kwa hiyo tofali lina mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti, jambo ambalo jiwe na bloku ya saruji, zilizojenga karibu jiji zima, hazijawahi kupata.

Jumamosi moja nilitoka Kariobangi nikaenda kutembea huko nikiwa na kazi moja tu: kuhesabu kuta za matofali ya kuchoma. Niliona ghorofa za kupangisha zilizopigwa plasta na kupakwa rangi ya krimu. Niliona ua wa mawe, mageti ya chuma, na kioski cha mabati kilichopakwa kijani cha kampuni ya simu. Kuta za matofali zilinitosha vidole vya mkono mmoja, na hapo nimehesabu pia jiko la nyama choma la baa moja. Kwenye kiwanja kilichokuwa kinachimbwa msingi, kando ya lundo la kifusi, nikaokota nusu tofali. Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyokaushwa, pembe moja nyeusi kwa moto, na upande wa juu lina kibonde kidogo, kile ambacho kalibu huacha ili udongo wa kushikanisha upate pa kukaa. Halikuwa na jina wala alama, basi siwezi kulipachika kiwanda chochote. Nikalitia kwenye mfuko wa karatasi, nikapanda gari kurudi. Makanga akachungulia mfukoni, akaniuliza kama leo kuna maandamano.

Tofali hilo lilinikumbusha mjomba wangu, aliyefyatua matofali kule Ukambani likizo moja ya Agosti, na mimi nikiwa wa kubeba maji. Ukambani tofali si pambo, ndiyo nyumba. Ukienda Machakos, Makueni au Kitui utaona nyumba baada ya nyumba za udongo wa kuchoma, na tanuri la nani linafuka moshi wiki hiyo ni habari inayojulikana sokoni. Udongo ulichimbwa kando ya kijito, ukamwagiwa maji jioni ukalala. Asubuhi tuliukanyaga kwa miguu mpaka ukaacha kushika vidole. Kalibu lilikuwa sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, na lazima lichovywe majini kila mara, la sivyo udongo unaling'ang'ania. Unachukua bonge kubwa kuliko nafasi, unalibwaga kwa nguvu ili lijae mpaka pembeni, kisha unakwangua juu kwa kipande cha ubao na kuinua kalibu taratibu. Tofali bichi linabaki chini likitetemeka kama ugali usioiva.

Matofali mabichi yalifunikwa kwa nyasi yasikauke kwa pupa, maana tofali likikaushwa na jua kali linapasuka kabla halijauona moto. Yalipokuwa tayari, wazee wawili walikuja kuyapanga. Mjomba alikuwa na elimu ya sekondari, lakini kupanga tanuri hakujaribu. Chini yaliachwa mapitio ya kusukumia magogo. Juu matofali yalipandishwa na nafasi ya kidole kati ya moja na jingine ili moto upite. Nje likakandikwa matope kama chungu kilichofunikwa. Moto uliwashwa jioni, na usiku wa pili mvua ikaja, mvua ya Agosti ambayo hakuna aliyeitarajia.

Tanuri lilipopoa, mjomba alichukua matofali mawili na kuyagonganisha. Lililoiva hulia, sauti nyembamba kama kengele ya shule iliyo mbali. Lisiloiva hutoa sauti ya gunia la maharagwe likianguka. Ya katikati yalilia. Ya upande uliopigwa na mvua hayakulia, na mjomba akayajengea choo. Choo kile kilirudi kuwa udongo baada ya misimu miwili.

Kinachotokea ndani ya tanuri kinaelezeka kwa maneno machache. Maji ya kawaida huondoka mapema. Moto ukifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi, hata maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo hutoka, na hapo udongo hauwezi tena kuwa tope hata ukiutia mtoni mwaka mzima. Ukifika 900 na kuendelea, chembe huanza kushikana kama zimeungwa kwa kioo. Wekundu ni kutu: madini ya chuma yaliyokuwa udongoni yamekutana na hewa katika joto. Choo cha mjomba hakikufika 600.

Kiwanda hufanya kazi ileile ya wale wazee wawili, ila hakisubiri Agosti wala hakiogopi mvua. Mwaka 1858 Mjerumani Friedrich Hoffmann alipata hataza ya tanuri la duara lenye vyumba vilivyofuatana. Moto hauzimwi, unahamishwa. Chumba kimoja kikiwaka, kile ulikotoka moto kinapoa na hewa yake ya moto inavutwa mbele, na kile kinachofuata kinapashwa na moshi kabla zamu yake haijafika. Upande mmoja watu wanatoa matofali yaliyopoa, upande mwingine wanapanga mabichi, na moto unazunguka kama mlinzi wa usiku. Kuni na makaa ya mawe yaliyoliwa yalipungua sana, na tanuri la namna hiyo likaenea duniani, kutoka Ulaya hadi India.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya jengo la kiwanda cha matofali na jengo la kiwanda kingine. Kiwanda cha sabuni ni nyumba yenye mashine ndani. Toa mashine, umebaki na ukumbi, na Eastlands, mashariki mwa jiji, ukumbi haukai wazi: godauni likifungwa leo, mwakani ni kanisa lenye spika nne, au shule, au ghala la mitumba. Kiwanda cha matofali si nyumba ya mashine. Jengo lenyewe ndilo mashine. Kuta zake ni unene wa tanuri, madirisha yake ni midomo ya kulishia moto, bomba la moshi ndilo pumzi yake. Moto ukizimika halifai kwa ibada wala kwa mtihani wa shule. Tena limejengwa kwa bidhaa yake lenyewe, kwa hiyo mwenye haraka huona pale mbele yake, badala ya jengo, akiba ya matofali yaliyokwisha kupangwa. Ndiyo sababu majengo haya huvunjwa mapema kuliko mengine, na hubaki jina.

Kwa jirani zetu Waganda mambo yalikwenda vingine. Misheni ya Kianglikana ilikuwa na fundi, K. Borup, aliyewafundisha vijana wa Namirembe kufyatua na kuchoma matofali mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Kazi hiyo ya ufundi ndiyo iliyozaa Kampuni ya Uganda mwaka 1903. Kanisa la matofali lililojengwa juu ya kilima cha Namirembe lilipigwa na radi mwaka 1910 paa la nyasi likateketea, na wakajenga jingine, tena la matofali, lililokamilika 1919. Ndilo lililopo hadi leo, jekundu, linaonekana kutoka pembe nyingi za Kampala. Kisha mwaka 1950 kikaanza kiwanda cha Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, karibu na mabonde ya udongo wa mfinyanzi ya ukanda wa ziwa. Hicho hakikubaki jina. Mwaka 2000 hisa za Uganda Clays ziliingia Soko la Hisa la Uganda, na baadaye kampuni ikajenga kiwanda cha pili Kamonkoli, upande wa mashariki. Mganda akisema nyumba, machoni pake kuna kigae chekundu.

Nairobi haikukataa tofali kwa dharau. Ilikuwa na sababu mbili, moja chini ya miguu na nyingine chini zaidi.

Ya kwanza ni udongo mweusi. Ukichimba msingi Kariobangi, Umoja, Kayole au Komarock, unakutana nao kwanza, na kila mjenzi wa Eastlands ana tusi lake la kuutukana. Wakati wa mvua unavimba na kushika gumboti mpaka mguu unatoka peke yake. Wakati wa kiangazi unanywea na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Nyumba iliyowekwa juu yake inapandishwa na kushushwa kila mwaka mpaka kuta zinapasuka, ndiyo maana lazima uutoe wote ufike kwenye mwamba, halafu ujaze mawe na kifusi. Watu wengi humaliza pesa wakiwa bado chini ya ardhi. Ukijaribu kuufyatulia tofali, utaona tabia yake ileile: linanywea, linapinda, linapasuka likiwa bado kwenye nyasi.

Ya pili ni huo mwamba. Chini ya udongo mweusi kuna jiwe la kijivu, jepesi kiasi, lililo jivu la volkano lililoshikana kwa muda mrefu sana kabla ya mtu yeyote kufika hapa kupanga kodi. Linachongwa kwa tindo na nyundo. Mtu mmoja, mwenye mkono mzuri, anatoa kwenye bonge mawe ya inchi 9 kwa 9 au 6 kwa 9, pande zake zikiwa na alama za tindo kama mistari ya mvua. Halihitaji kuni, halihitaji kalibu wala kungoja likauke. Jiwe la Nairobi ni tofali ambalo volkano ilishalichoma. Kiwanda cha matofali kilikuwa kinashindana na mlima uliokwisha kumaliza kazi, na kwa bei ya kuni hakuna tanuri linaloweza kushinda hapo.

Baadaye saruji ikaongeza pigo. East African Portland Cement ilianza mwaka 1933 kwa kusaga klinka iliyoagizwa kutoka ng'ambo, humu humu Nairobi katika eneo la viwanda, na katika miaka ya 1950 ikawa na kiwanda kamili Athi River. Bamburi ikaanza kuuza saruji yake Mombasa mwaka 1954. Kuanzia hapo aliyekosa jiwe alikuwa na bloku. Sheria nayo haikuwa na upendeleo wa tofali. Kanuni za ujenzi za 1968, zilizobeba mawazo mengi ya Kiingereza, zilidai nyumba ya mjini iwe ya vitu vya kudumu: jiwe, tofali la kuchoma, zege. Kwa maskini zote tatu zilikuwa mbali vilevile, na mabati yakajaza pengo.

Kariobangi ilizaliwa katika pengo hilo. Miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mpya, Baraza la Jiji lilipima viwanja hapa, ukingoni mwa jiji la wakati huo, likawahamishia watu waliokuwa wamejenga vibanda karibu na katikati ya mji. Ndipo vikaja vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua mmoja, mlango kwa mlango, bomba moja, choo kimoja. Mwenye kiwanja alikaa chumba cha mbele na kupangisha vilivyobaki. Ukipita leo kwenye vichochoro vya Kariobangi North, nyuma ya ghorofa zilizobanana, bado utakuta ua mmoja mmoja wa zamani, ukuta wake wa mawe umelainika mabegani kwa sababu watoto wameuparamia kwa miaka sitini.

Mawe hayo hayakutoka mbali. Njiru, Kayole, Mathare na Dandora, kote kulikuwa na machimbo, na bado yapo mengine yanayofanya kazi. Wapangaji wa miji hupenda kutuonyesha ramani ya nyumba zilizojengwa. Sijawahi kuona ramani ya mashimo. Lakini kila ukuta ulioinuka futi kumi, mahali fulani ardhi ilishuka futi hizo, na shimo haliondoki nyumba ikiisha. Ni kivuli cha nyumba kinachobaki upande wa pili wa mto.

Dandora ndiyo mfano ulio wazi kupita kiasi. Mwaka 1975 mradi mkubwa wa makazi uliogharimiwa na Benki ya Dunia ulianza pale: viwanja 6,000, kila kimoja na maji, choo na bafu, mengine mwenye kiwanja ajijengee kadiri anavyopata. Ulitajwa dunia nzima kama njia mpya ya kuwapa watu wa kipato kidogo nyumba. Mwaka huohuo jiji likaanza kumwaga taka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, hapo hapo Dandora, mto tu ukiyatenga na Korogocho. Kwa upande mmoja watu wanajenga kwa jiwe, kwa upande mwingine shimo la jiwe linajazwa makopo. Mwaka 2001 jalala likatangazwa kuwa limejaa. Malori hayakusoma tangazo. Mwaka 2007 uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hilihili, uliwapima watoto 328 wa jirani na jalala na kukuta nusu yao wana risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika. Upepo ukivuma kutoka huko jioni, sisi wa Kariobangi tunafunga madirisha bila kuambizana.

Shimo si lazima liishie hivyo. Pale Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji nacho kilichimba matumbawe mpaka kikaacha uwanda mweupe usio na hata jani. Mwaka 1971 bwana shamba Mswisi, René Haller, alianza kupanda miti kwenye jangwa hilo. Alijaribu aina 26, zikashika 3. Mvinje ndio uliomwokoa, lakini majani yake yalianguka yakalala juu ya mwamba bila kuoza, mpaka alipoleta jongoo, jongoo wa kawaida huyu tunayemruka njiani, wakayala na kuyageuza udongo. Hatua kwa hatua shimo likawa msitu, na leo linaitwa Haller Park. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 ndipo mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen alipopelekwa humo akafanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee, picha zao zikazunguka dunia. Watalii walioona picha hizo sidhani walijua wanatazama tumbo la kiwanda.

Najua mtu atasema nalinganisha embe na mua. Mvua ya Pwani ni nyingine, taka za jiji la mamilioni ni nyingine. Kweli. Lakini tofauti iliyo kubwa kwangu ni kwamba shimo la Bamburi lilikuwa na mwenyewe, kampuni moja yenye jina langoni, na watu wa kuiuliza. Mawe ya Dandora yalichimbwa na wengi, yakanunuliwa na wengi, yakajenga kwetu sote, na shimo likabaki la yatima. Clay City angalau ilipata jina. Hakuna wadi inayoitwa Machimbo.

Nilifika Kariobangi jua likiwa linaelekea kuzama, tofali langu mfukoni, nikaenda moja kwa moja Light Industries. Hapa kelele hazikutambulishi kwa zamu: unapigwa na zote pamoja. Grainda, nyundo, jenereta, mtu anajaribu injini ya posho mili ambayo bado haina ekzosti. Watu hutengeneza humu mashine za kukatia majani ya ng'ombe, mashine za kufyatulia bloku, mageti, viti, bodi za matatu. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ndiyo iliyofanya wachumi wa dunia wazungumzie sana kazi za namna hii kwa jina la sekta isiyo rasmi. Wenyewe walikuwa tayari na jina lao, jua kali, ambalo halihitaji maelezo saa saba mchana.

Nilikuwa natafuta mahali ambapo tofali bado lina kazi, na pako. Ni kwenye majiko ya kuyeyushia aluminiamu. Jiko lenyewe ni pipa lililokatwa, likawekewa utando wa ndani wa matofali na udongo, feni ndogo inapuliza hewa kwa bomba ubavuni, na oili chafu ya magari inadondoka polepole kwenye moto. Ndani mnakaa chungu cha chuma, na ndani ya chungu mnatiwa vichwa vya injini, rimu zilizopasuka, sufuria zilizotoboka. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ikifika hapo hufanya ngozi ya kijivu juu kama maziwa yaliyochemka. Fundi anaisukuma ngozi kando kwa kijiko kirefu, na chini yake panang'aa kama kioo. Kalibu lao si la mbao, ni mchanga mweusi mbichi uliopigwa ndani ya fremu ukizunguka sufuria ya mfano. Wanaitoa ile ya mfano, wanafunga fremu, wanamimina kwa tundu dogo. Baada ya dakika chache wanavunja mchanga, na sufuria mpya inatoka ikiwa na joto, ikiwa na masikio, na mshono mwembamba pembeni unaosubiri tupa. Mchanga wanauponda tena kwa ajili ya sufuria inayofuata. Kiwanda hiki shimo lake ni la kuazima, linafukiwa na kuchimbwa upya mara ishirini kwa siku.

Nikamwonyesha fundi nusu tofali langu, nikamuuliza kama lingefaa jikoni mwake. Aliligeuza, akalifuta kwa kidole, akalipima kwa mkono, kisha akachukua spana akaligonga. Lililia, vilevile kama ya mjomba yaliyokuwa katikati ya tanuri. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwa subira ya mtu aliyezoea kuulizwa na wasiojua: hili ni la ukuta. Moto wa oili na feni unapita nyuzi ambazo tofali la kawaida huchomewa, halafu usiku jiko linapoa, asubuhi linawashwa, na kwa wiki kadhaa tofali la ukuta linaanza kumenyeka maganda. Yeye anatumia matofali ya moto, yale meupe-meupe yenye udongo wa namna nyingine, unaostahimili zaidi ya nyuzi 1,500. Hununua yaliyokwisha kutumika, yanapobomolewa matanuri ya viwanda vikubwa, na akiyapata huyahifadhi chini ya kitanda cha mashine kama mtu anayeficha pesa.

Kumbe soko la jengo lililovunjwa lipo, nikalifahamu pale. Hakuna kitu kinachobomolewa Nairobi kikaenda bure. Alfajiri ya tarehe 4 Mei 2020, katikati ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona, matingatinga yaliingia kijiji cha Kariobangi Sewage, ingawa kulikuwa na amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji, na maelfu ya watu wakabaki nje kwenye mvua. Katika siku zilizofuata kilichokuwa nyumba kiliondoka kidogo kidogo kwa mikokoteni: mabati, fremu za milango, nondo zilizonyooshwa kwa nyundo, mawe yaliyokwanguliwa saruji. Jiwe lililotoka Njiru miaka ya nyuma likasafiri tena, likaingia ukuta mwingine. Ukiangalia kwa makini kuta za vichochoro vyetu utayaona mawe hayo: jiwe moja lina plasta ya buluu upande mmoja, la jirani yake lina kipande cha vigae vya bafu la mtu.

Nilimwachia fundi tofali. Hakulitaka, lakini sikuwa na ujasiri wa kulipandisha gari tena na kuulizwa habari za maandamano. Wiki mbili baadaye nilipita kumchukulia mama sufuria ya kuchemshia githeri, namba kumi na mbili, nzito, ile ambayo haiungui chini. Bei tulibishana, akapunguza, nikaongeza. Alipoinama kuipigia tupa mara ya mwisho niliona benchi lake halichezi tena. Mguu wa nyuma wa kushoto, ulioliwa na kutu kwa inchi mbili hivi, ulikuwa umekalia nusu tofali jekundu, kile kibonde kikitazama juu, na mguu umeingia humo sawasawa.